Taa ya cheki injini inawaka na oili inavuja? Anza hivi kabla ya kununua sensa

Wenye Toyota za miaka ya 90, hizi tunazopandisha nazo vilima vya Bugando hapa Mwanza, msikimbilie kununua sensa. Fungua boneti utafute kiboksi kidogo kimeandikwa DIAGNOSIS, unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya (angalia vizuri, usikosee tundu), washa swichi bila kupiga stata halafu hesabu taa ya cheki injini inavyokonyeza. Ikikonyeza mbili, ikatulia kidogo, ikakonyeza mbili tena hiyo ni 22, sensa ya joto la maji, na 21 ni sensa ya oksijeni kwenye eksozi. Ikikonyeza mfululizo bila kutulia, kompyuta haijaona kosa.

Sasa namba haimaanishi sensa imekufa! Mimi nilishauziwa sensa gereji moja huku Nyakato, kumbe soketi imejaa oili iliyoshuka toka gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini), nikapuliza na kontakti klina, ile dawa ya kusafishia soketi, ikapona, hela yangu ndo imeenda hivyo.

Kwa hiyo oili kwanza. Osha injini na digrisa (dawa ya kutoa oili), ila funika alteneta na soketi kwa mfuko wa nailoni, tandika kipande cha boksi chini ya injini usiku, asubuhi mulika tochi toka JUU kwenda chini maana oili inashuka, palipolowa juu kabisa ndo chanzo. Chomoa na waya za plagi pia, ukikuta oili kwenye mashimo yake ni sili za tapeti kava, ndo maana injini inamisi (inakosa moto).