Leeds, Cardiff au Glasgow: namna tulivyolinganisha bei za nyumba, na swali tulilosahau kujiuliza

Mimi na mume wangu ni wauguzi, na hospitali ziko kila mji wa Uingereza. Kwa hiyo tulijiona huru kuhamia popote tutakapoiweza nyumba. Miezi mitatu daftari lilikaa mezani, kurasa zimegawanywa safu tatu: Leeds, Cardiff, Glasgow. Hesabu ile ilikuwa na kosa moja kubwa, nitalifikia. Nianze na yale ambayo ningeyarudia vilevile.

Usianze na bei za matangazo. Bei unayoiona Rightmove, tovuti ya matangazo ya nyumba, ni ile anayoitamani muuzaji. Unayoitaka wewe ni ile aliyolipa mnunuzi. HM Land Registry, ofisi ya serikali inayosajili ardhi na nyumba, wameweka wazi, bure, bei zilizolipwa England na Wales tangu 1995, nyumba kwa nyumba, na kwa Scotland utaangalia Registers of Scotland. Chagua mtaa, andika nyumba zilizouzwa mwaka mmoja uliopita, ukijua kwamba mauzo ya karibuni huchelewa kuonekana. Na shika aina moja ya nyumba miji yote. Wastani wa mji mzima unapotosha, maana mji wenye fleti nyingi huonekana rahisi hata kama nyumba zake za familia ni ghali. Sisi tulishika nyumba za vyumba vitatu zilizopangwa kwa safu, kuta zimeshikana kulia na kushoto.

Kisha gawanya kwa mita za mraba. Huku nyumba hutangazwa kwa idadi ya vyumba vya kulala, na nimeingia "chumba cha tatu" ambacho kitanda cha mtoto kikishawekwa, mlango haufunguki wote. Ukubwa wa kweli umeandikwa kwenye cheti cha nishati cha nyumba, kile chenye daraja A hadi G, na rejista yake iko wazi kwa kila mtu: unaingiza msimbo wa posta tu. Tuseme nyumba moja ni pauni 280,000 kwa mita 70, nyingine 300,000 kwa mita 90. Ya kwanza ni pauni 4,000 kwa mita, ya pili haifiki 3,400. Hapo ile "rahisi" inageuka.

Kwa Glasgow kuna jambo la kuzoea. Nyumba nyingi za Scotland hutangazwa kwa maneno "offers over", yaani bei ile ni sakafu, na wanunuzi hupeleka kiasi chao bila kujua wenzao wametaja ngapi. Ukiiweka kando ya bei ya Leeds umelinganisha embe na kokwa. Muuzaji wa Scotland hutoa ripoti ya nyumba yenye thamani iliyokadiriwa na mkaguzi. Anzia kwenye thamani hiyo. Benki hukopesha kwa kuitazama hiyo, na ukitoa zaidi, kinachozidi kinatoka mfukoni mwako.

Fleti za England na Wales zinataka jicho la pekee. Nyingi zina hati ya miaka, kama hati zetu za miaka 33, 66 na 99 Tanzania. Miaka iliyobaki ikishuka chini ya 80, kuirefusha huwa ghali zaidi na benki huanza kusita. Muulize dalali miaka mingapi imebaki na ada ya jengo ni kiasi gani kwa mwaka, kabla hujapanda treni kwenda kuiona.

Sasa lile kosa. Kodi ya kununua nyumba si moja nchi nzima. England inatoza ushuru wa stempu, Wales na Scotland zina kodi zao. Kwa viwango vya 2025, anayenunua nyumba yake ya kwanza kwa pauni 280,000 halipi kitu Leeds. Glasgow hulipa 3,000, na Cardiff 3,300, kwa kuwa Wales haina nafuu ya kodi kwa anayenunua nyumba yake ya kwanza. Tuliandika hivyo na Leeds ikaongoza.

Siku tulipompigia wakili, swali lake la mwanzo lilikuwa: kati yenu kuna aliyewahi kumiliki nyumba, popote duniani? Marehemu baba alituachia nyumba Tanga, na fungu langu la mirathi limo. Sijawahi kuliona kama "kumiliki nyumba"; anakaa mama, na akae. Lakini sheria inalihesabu, na tukinunua pamoja mume wangu naye anaikosa nafuu. Tukapiga hesabu upya: Leeds 4,000, Glasgow 3,600, Cardiff 3,300. Mpangilio wote umepinduka, kwa nyumba zilezile.

Na sisi tulipona. Ukiwa na nyumba nyumbani yenye thamani ya pauni 40,000 au zaidi, na hii ya Uingereza haichukui nafasi ya makazi yako mengine uliyouza, kuna nyongeza juu ya bei yote: England asilimia 5, Scotland asilimia 8. Kwa nyumba ileile ya 280,000, jumla inakuwa 18,000 Leeds na 26,000 Glasgow. Hiyo ni tofauti ya pauni 8,000, na haionekani kwenye tangazo lolote. Kiwanja kitupu hakihesabiwi, lakini nyumba uliyomjengea mzazi kwa jina lako inahesabiwa. Kwa hiyo safu ya kwanza ya daftari lako isiwe jina la mji. Iwe kile ulicho nacho nyumbani, thamani yake kwa pauni, na karatasi ya mthamini kama inakaribia 40,000. Mpe wakili maelezo hayo yote bila kuficha, ndipo ufungue ramani.

Tulinunua Leeds hatimaye, mita 84, na zile 4,000 tulizilipa. Kwa kila mita bado ilikuwa chini ya Cardiff, na chumba cha tatu mlango wake unafunguka.