Somo: Kupima afya ya fedha za shirika kwa miaka mitano

Salio la benki peke yake halitoshi kukuambia kama shirika lina nguvu. Hesabu hii mweka hazina anaweza kuifanya asubuhi moja.

Hatua ya 1. Toa hesabu zilizokaguliwa za miaka mitano, uziweke safu kwa safu kwenye karatasi moja. Mwaka mmoja hupotosha: ruzuku ya miaka mitatu ikitumwa kwa mkupuo na kuandikwa yote kama mapato ya mwaka huo, utaona ziada kubwa, kisha nakisi miaka miwili mfululizo. Nakisi ya aina hiyo si ugonjwa.

Hatua ya 2, na hapa usiwe na haraka. Tenga fedha zenye masharti na fedha huru. Tuseme shirika la Likoni lina shilingi 2,400,000 benki. Milioni mbili ni za mradi wa visima, haziguswi. Zabaki 400,000. Ondoa PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mishahara, ya 80,000 iliyokatwa kwa wafanyakazi na bado haijapelekwa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya (mwisho ni tarehe 9 ya mwezi unaofuata). Zabaki 320,000. Kodi ya ofisi, mishahara na umeme ni 320,000 kwa mwezi. Basi akiba yao ni ya mwezi mmoja, na anayegawanya salio zima atajiambia wana miezi saba na nusu! Jengo na pikipiki usivihesabu, havilipi mshahara wa mwisho wa mwezi.

Rudia kwa kila mwaka. Miezi mitatu hadi sita ni akiba nzuri. Ikiteremka minne, mitatu, mmoja, tafuta mradi uliokwisha huku watu wake wakabaki kwenye orodha ya mishahara.

Hatua ya 3. Gawanya ruzuku ya mfadhili mkubwa kwa mapato yote. Ikizidi nusu, bodi iijue tarehe ya mwisho wa mkataba.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Kisauni: Mwalimu, mishahara imechelewa na pesa za mradi zimelala. Tukizikopa kwa wiki mbili?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Ruzuku mnayoitegemea kuzirudisha ikichelewa, mradi utasimama na mkaguzi ataliandika pengo hilo. Mfadhili anaweza kudai arudishiwe. Mwandikieni sasa, ombeni kibali kwa maandishi kabla ya kugusa chochote.

Mwanachama, Mvita: Sisi twalipwa kwa dola. Bajeti haikutosha ingawa ruzuku ilifika yote. Kwa nini?

Jibu: Dada, angalia kiwango mlichotumia. Mapema 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160. Kufikia mwisho wa mwaka ilikuwa karibu 129. Dola 20,000 zilizopangwa kuwa 3,200,000 zilileta 2,580,000. Pangeni bajeti kwa kiwango cha chini kuliko cha siku ile, na mkataba useme tofauti ataibeba nani.

Mwanachama, Changamwe: Mfadhili hakubali kulipia kodi ya ofisi.

Jibu: Igawe kwa miradi. Mradi unaotumia robo ya ofisi ubebe robo ya kodi kama gharama yake, na uonyeshe hesabu uliyotumia.