Spirulina Kigoma: mbegu safi kwanza, ya ziwani acha

Mama mmoja wa Ujiji aliniletea chupa ya maji ya kijani aliyoyachota ufukweni, akaniuliza kama ndiyo ile spirulina, mwani mdogo sana wa kijani-buluu unaoliwa, inayouzwa kwa bei ya juu. Nilimsihi ayamwage mbali na kuku wake. Utando wa kijani unaoelea ziwani unaweza kuwa wa jamaa yake mwenye sumu inayoharibu ini, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Kwa macho huwezi kuwatofautisha.

Spirulina hupenda maji ya magadi, kama ya Ziwa Natron wanakokula heroe. Kando ya Ziwa Chad, wanawake wa Kikanembu wanaivuna tangu zamani. Ziwa Tanganyika ni la maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, kwa hiyo kwetu ni lazima uitengenezee makazi yake.

Chimba karo la kina cha sentimita 15 hadi 20, ulitandike plastiki imara, uliezeke kwa nailoni angavu. Kila lita ya maji safi itie gramu 8 hadi 16 za bikaboneti ya sodiamu na gramu 5 hivi za chumvi; ya Uvinza iliyosafishwa inafaa. Magadi ya kuivishia maharage usitie, yana floridi nyingi. Wala mbolea ya kukuzia tumbaku: virutubisho vya kuilisha spirulina viwe vya kiwango cha chakula. Mbegu, yaani spirulina hai ya kuanzia, inunue kwa mzalishaji aliyeipima kwa darubini. Koroga mara kadhaa kwa siku, uiwekee kivuli siku za mwanzo.

Kujua imekomaa, funga kifuniko cheupe kwenye kijiti ukizamishe taratibu. Kikipotea machoni kabla ya sentimita 3, vuna asubuhi: chuja kwa kitambaa chenye matundu madogo sana, kamua, itoe kama tambi, kausha chini ya nyuzi 60 hadi ivunjike kwa mlio. Tafadhali, isiwe kwenye vichanja vya dagaa. Harufu itaingia, na nzi pia.

Ikikauka vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Kijiko cha chai kwa siku kinamtosha mtu mzima. Mjamzito amuulize kwanza mhudumu wa afya. Vitamini B12 yake usiitegemee, mwili hauitumii ipasavyo, kwa hiyo dagaa wabaki mezani.

Kina mama wa sabuni ya mawese huniuliza kama waichanganye spirulina humo. Magadi makali ya sabuni (kostiki) na joto huua ile rangi yake ya buluu. Afadhali uuze unga mkavu wa kupaka usoni, mteja aukoroge na maji akiwa tayari kupaka, baada ya kuujaribu mkononi. Ila kabla ya kuuza chakula au kipodozi, sajili bidhaa TBS (Shirika la Viwango Tanzania).