Loya wa talaka amekuangusha na bili haieleweki? Anza hapa

Kama umemlipa loya akushughulikie talaka, miezi inakatika, simu hashiki, na kila mkionana ni "ongeza kitu kidogo", najua unavyojiskia maana mie nimepita hapo hapo. Nililipa 60,000 nikijua nimemaliza, alafu naambiwa mambo ya watoto ni pesa nyingine, nyumba nayo pesa nyingine, nikaona naibiwa mchana kweupe. Kumbe kuna mambo hakunieleza na kuna mambo alinikosea kabisa, na hizo mbili ukizichanganya utazunguka ofisi za watu bure. Haya ni ya Kenya, nchi nyingine wana sheria zao.

Kwanza toa faili zako uangalie ulimpa kazi gani. Huku kwetu talaka yenyewe inaenda kwa Sheria ya Ndoa ya 2014, mali ya ndoa ina sheria yake ya 2013, na malezi ya watoto pamoja na matunzo yako chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, kwahivyo mtu mmoja anaweza kujikuta na kesi tatu, na kila kesi ina ada yake. Hapo loya hajakuibia, lakini alipaswa kukwambia siku ya kwanza. Na kama alikuahidi nyumba mtagawana nusu kwa nusu bila shida, jua Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 kwamba nusu kwa nusu haiji yenyewe tu, korti inaangalia kila mmoja alichangia nini, na kazi ya nyumbani na kulea watoto pia ni mchango. Usimkasirikie loya kwa ajili ya sheria, mkasirikie kwa ahadi.

Sasa andika. Tafadhali usipige simu ya kufoka usiku, hiyo simu haitakusaidia popote. Tuma barua au email fupi yenye heshima: nimelipa kiasi hiki tarehe hizi, naomba bili yenye mchanganuo, naomba kujua kesi imefika wapi na tarehe inayofuata ni lini, naomba nakala za vilivyopelekwa kortini. Mpe siku 14. Huku nyuma kusanya meseji zote za M-Pesa, risiti, na zile WhatsApp mlizoandikiana, zote piga skrinshoti na uweke kwa email yako kwa sababu simu hupotea. Ada za korti zina risiti yake siku hizi zinavyolipiwa kwa mtandao, itishe hiyo risiti, mie ndo nilipogundua niliitishwa pesa ya korti zaidi ya ile iliyolipwa.

Akijibu vizuri mmalizane hapo. Asipojibu, au jibu halieleweki, kuna milango miwili na watu wengi hugonga ule usiokuwa wao.

Kama shida ni kiasi cha pesa, uliza kwanza: ulisaini makubaliano ya ada? Kama hukusaini, bili inaweza kupelekwa kwa msajili wa korti aikague kipengele kwa kipengele akifuata viwango vya malipo ya mawakili, na visivyostahili anavikata. Usiporidhika na uamuzi wake una siku 14 kuandika unapinga vipengele gani, usilale. Kama ulisaini, msajili haigusi tena, inabidi uombe Mahakama Kuu iyatengue makubaliano kwamba yanakandamiza au yamezidi kiasi, na muda wake ni mwaka 1 tangu myafanye au miezi 3 tangu akudai kwa maandishi, inayokuja mwisho. Akikutishia kukupeleka kortini kesho, tulia, sheria inamtaka akupe bili iliyosainiwa na mwezi mmoja upite kwanza. Lakini pia usimlazimishe aende chini ya viwango maana sheria inamkataza, na ile ya "nilipe tukishinda" haitambuliwi.

Kama shida ni mwenendo, yaani hakuja kortini, amekaa na pesa zako, hakuambii kitu mwaka mzima, hapo nenda Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili iliyo chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Hulipi chochote na huhitaji loya mwingine kukuandikia. Wanamwandikia ajibu, mara nyingi wanajaribu kuwapatanisha, na kosa likiwa kubwa anapelekwa mbele ya Jopo la Nidhamu, ambalo linaweza kumsimamisha hadi miaka 5, kumfuta kabisa, au kumwamuru akulipe fidia. Eleza kwa tarehe, mstari kwa mstari, ile hadithi ya ndoa yenyewe iache, hawaihitaji na inaficha hoja yako.

Jina lake usilitupe Facebook hata kama roho inawaka, atakushtaki kwa kumchafulia jina na utakuwa na kesi ya nne.

Kubadilisha loya ni haki yako na huhitaji sababu. Loya mpya anapeleka ilani kortini na kumpa nakala wa zamani, basi, ila kama hukumu ishatoka itahitaji ruhusa ya korti au wakubaliane kwa maandishi, kwahivyo kama umeamua fanya kabla ya hukumu. Wa zamani anaweza kuzuia faili kama anakudai kihalali, usikwame hapo, nenda masjala ya korti na namba ya kesi uombe nakala za kila kilichowasilishwa. Na huyo mpya, kabla hujampa hata shilingi, tafuta jina lake kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili uone kama ana leseni ya mwaka huu, alafu akuandikie ada ni ngapi, ni ya kesi gani kati ya zile tatu, na VAT imo au haimo.