SOMO: Kufunga gia za kisasa kwenye baiskeli ya resi ya zamani. Soma mpaka mwisho kabla hujauliza

Wakuu salaam.

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara sita: "Nimepata Peugeot ya mtumba, inaingia gia za kisasa?" Inaingia. Ila nimechoka kulijibu kwa vipande vipande. Mtu anasoma nusu, anakimbia Kariakoo kununua kitu kisichokaa, halafu lawama kwangu. Leo naliweka lote mahali pamoja, na atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Nazungumzia fremu za CHUMA za miaka ya 70 na 80 zinazoshuka na makontena: Raleigh, Peugeot, Motobecane, Miyata na ndugu zao. Chukua sumaku. Ikinasa, endelea kusoma. Isiponasa, hili si somo lako.

Gia ninazopendekeza ni 8 za Shimano, zile za Claris. Najua mnataka 11. Minyororo ya 8 ni minene, inavumilia vumbi letu, na ukikatika njiani utapata wa kuungia bila kuagiza nje.

HATUA YA 1. Vua kila kitu, osha fremu, kagua nyufa kwenye maungio. Fremu yenye ufa mpe fundi wa kuchomelea, usinipe mimi.

HATUA YA 2. Pima, kwa vernia, si kwa jicho. Pima nafasi kati ya masikio ya nyuma, yaani pale ekseli ya gurudumu inapokaa, ndani kwa ndani. Utapata 120 mm (enzi za gia 5), 126 (gia 6 na 7) au 130. Magurudumu ya resi ya kisasa yenye breki za kubana rimu ni 130. Pima upana wa bomba la pedeli pia: 68 mm mara nyingi ni tredi ya Mwingereza au Mfaransa, 70 ni ya Mwitaliano. Andika kwenye karatasi. Karatasi hiyo ndiyo unakwenda nayo dukani.

HATUA YA 3. Kupanua masikio kutoka 126 hadi 130. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo tulieni.

Fremu yangu ya kwanza niliipanua kwa ile bolti ndefu ya mita moja wanayofungia dari. Niliipitisha kwenye masikio, nati na washa kila upande kwa ndani, nikawa nasukuma taratibu huku napima. Ilipofika 130 nilifurahi, nikafunga gurudumu, nikatoka barabarani. Kila nikiachia usukani baiskeli inaelekea kushoto. Nikadhani ni upepo. Baadaye mzee mmoja fundi aliniambia nichukue uzi wa kushonea viatu, niufunge kwenye sikio la kushoto, niuzungushe mbele kwenye bomba la usukani, niurudishe hadi sikio la kulia, niukaze. Kisha nipime kutoka uzi hadi bomba la kiti, pande zote mbili. Kushoto nikapata 32 mm, kulia 29 na kitu. Bolti inasukuma pande zote kwa nguvu moja, lakini mabomba hayana ukaidi sawa. Ulio laini ndio unaokubali, mwingine unakaa pale pale. Milimita zangu 4 zote zilikwenda upande mmoja.

Kwa hiyo fanya upande mmoja mmoja. Laza fremu, pitisha ubao wa mbili kwa nne katikati ya masikio, ncha ya ndani iegemee bomba la kiti (weka kitambaa), kisha sukuma ncha ya nje. Ubao utalisukuma sikio la upande huo tu. Chuma kinarudi kama mpira, kwa hiyo mara ya kwanza utaona hakijasogea kabisa. Usikasirike ukaukalia ubao. Sukuma kidogo, achia, pima kwa vernia, pima kwa uzi. Unatafuta 2 mm kila upande, na uzi uwe sawa kushoto na kulia.

Ukimaliza, masikio yatakuwa yametazama nje kidogo. Yarudishe yawe sambamba kwa spana malaya kubwa, taratibu. Usiruke hapa: ekseli ikibanwa na masikio yasiyo sambamba inapinda, na siku moja itakatika.

Maonyo. Alumini: hapana. Kaboni: hapana kabisa. Stika ya Reynolds 531 (jina la mabomba ya fremu): sawa. Stika ya Reynolds 753: usiiguse kwa ubao, ile ni nyembamba na imekomazwa kwa moto. Na kutoka 120 hadi 130 ni 10 mm. Tafuta mtu aliyewahi kuifanya, ukae umwangalie.

HATUA YA 4. Magurudumu na breki. Namba za tairi zinadanganya. Tairi la Phoenix lililoandikwa 28 x 1 1/2 linakaa kwenye rimu ya 635 mm. Tairi la resi ya zamani, 27 x 1 1/4, ni 630. Ya kisasa, 700C, ni 622, na baadhi ya watengenezaji nayo huiandika 28! Soma namba ndogo ya tarakimu tatu ubavuni, ndiyo ya kweli. Ukitoka 630 kwenda 622 rimu inashuka 4 mm kutoka kwenye breki. Pima kutoka katikati ya tundu la breki hadi katikati ya pale mpira wa breki unapogusa rimu. Breki za kawaida za leo zinafika 49 mm. Zaidi ya hapo nunua zenye mikono mirefu: Tektro R539 inafika 57, R559 inafika 73.

HATUA YA 5. Pedeli. Kama ni Mwingereza wa 68, nunua ekseli ya boksi (iliyofungwa nzima na gololi zake) na krenki ya meno 50/34. Zile 52/42 za zamani waachie wenye mapaja. Kikombe cha kulia cha Mwingereza kinafunguliwa KINYUME, yaani kuelekea kulia.

HATUA YA 6. Mkono wa gia wa nyuma, ule unaohamisha mnyororo. Funga. Kama fremu haina kitundu chake chenye tredi, nunua kile kibati kinachobanwa na ekseli.

HATUA YA 7. Shifta (vibofyo vya kubadilishia gia) na waya. Ng'oa vile vijiti vya gia kwenye bomba la chini, hapo hapo funga vituo vya waya vyenye skrubu ya kurekebishia. Waya mpya, na ganda lake la nje jipya. Waya wa zamani ndio unaowafanya watu waseme gia za kisasa ni mbovu.

HATUA YA 8. Endesha kilomita 20, rudi, kaza kila kitu upya.

Maswali karibuni.

———

Kijana wa Mbezi: Mkuu somo zuri sana. Mimi nina Trek ya alumini ya 126, naipanua vipi?

Fundi Mnyororo: Sumaku.

Kijana wa Mbezi: Sijakuelewa mkuu.

Fundi Mnyororo: Aya ya pili, kisha maonyo ya hatua ya 3. Haipanuliwi. Tafuta gurudumu la 126.

Bosi Kiduku: Jumla sh ngapi nikuletee unifungie? Sijasoma yote ni ndefu.

Fundi Mnyororo: Isome kwanza, bei tutaongea ukishapima.

Mzee wa Raleigh: Fundi, kwa heshima zote, unawatisha vijana bure. Mimi nimeingiza gurudumu la 130 kwenye fremu ya 126 kwa mikono tu, natanua, nasukuma ndani. Mwaka wa tatu huu natembea.

Fundi Mnyororo: Shikamoo mzee. Sijasema haiingii. Milimita 4 zinaingia kwa mikono, na wengi wanatembea hivyo. Swali langu ni moja: masikio yako yako sambamba? Na siku umepata pancha usiku, peke yako, mkono mmoja unatanua chuma, wa pili umeshika gurudumu, wa tatu wa kushika mnyororo unautoa wapi?

Mzee wa Raleigh: Marahaba. Hilo la pancha umenipata. Namwita mjukuu.

Neema_Moshi: Habari fundi. Nimesoma mara mbili. Naomba kuelewa: umesema 8 na si 11. Nina shifta za gia 9 alizoniletea kaka yangu, na mkono wa gia wa nyuma wa gia 8. Zitaelewana au nitafute seti moja?

Fundi Mnyororo: Dada Neema, swali kama hili naliandikia hata usiku. Zitaelewana, na sababu ni hii. Kila ukibofya, shifta inavuta waya kiasi fulani, na mkono wa nyuma unakizidisha kiasi hicho. Mikono ya resi ya Shimano ya enzi za 8 na 9 inazidisha kwa takriban 1.7. Shifta ya 8 inavuta 2.8 mm, zidisha, unapata karibu 4.8, na hiyo ndiyo nafasi kati ya kisahani na kisahani kwenye kaseti (rundo la visahani vya nyuma) ya 8. Shifta ya 9 inavuta 2.5, unapata kama 4.3, na kaseti ya 9 ina 4.35. Kwa hiyo anayehesabu gia ni SHIFTA na KASETI. Mkono wa nyuma haujui hesabu, unafuata tu. Nunua kaseti ya 9 na mnyororo wa 9, mkono wako wa 8 baki nao.

Resi ya 11 walibadilisha: waya unavutwa 2.7, mkono unazidisha 1.4. Ukichanganya na za zamani gia zinaruka. Na jihadhari na Tiagra 4700 ya Shimano: ni gia 10, ila imefuata uvutaji wa kina 11. Watu wengi wanaliwa hapo.

Neema_Moshi: Asante sana. Kumbe ni kuzidisha tu! Na habu, kile kitovu cha gurudumu? Kaseti ya 9 inaingia habu ya 8?

Fundi Mnyororo: Inaingia. 8, 9 na 10 zinakaa habu moja. Ukikutana na habu ya 11 ya resi, ni ndefu zaidi kwa 1.85 mm, weka washa yake nyuma ya kaseti.

Gololi Tatu: Niongezee hapo. Mwenye habu ya kaseti ya gia 7 asiitupe. Chukua kaseti ya 9, toa kisahani kimoja, vinabaki 8, vinakaa vizuri kwenye habu ya 7. Unatumia shifta ya 9, kibofyo kimoja kinabaki bila kazi. Fremu inabaki 126, hakuna ubao wala uzi.

Fundi Mnyororo: Kweli kabisa, nimeshaifunga mara mbili. Ila iwe habu ya kaseti, si friwili ya kufunga kwa tredi.

Eldo254: Boss, niko Eldoret. Niko na Peugeot ya zamani, ile nyeupe. Kikombe cha kulia cha pedals kimekataa kutoka. Nimezungusha kwenda kulia vile umesema hatua ya 5, nimeongeza bomba kwa spana, hakuna kitu.

Fundi Mnyororo: ACHA HAPO HAPO. Usizungushe tena. Nilisema Mwingereza. Peugeot za miaka hiyo nyingi ni tredi ya Kifaransa, na kwa Mfaransa kikombe cha kulia kinafunguka kwenda KUSHOTO kama nati yoyote. Umekuwa ukikikaza. Kosa langu pia, nilipaswa kuliandika juu. Weka dawa ya kutu, uache usiku kucha, kisha kushoto.

Eldo254: Wueh. Na kama imeharibika, si naweka tu kikombe cha kawaida? Vipimo naona vinafanana.

Fundi Mnyororo: Vinafanana, na hapo ndipo mtego ulipo. Kifaransa ni 35 mm, nafasi ya tredi 1 mm. Kiingereza ni 34.8, nafasi kama 1.06. Tena cha kulia cha Kiingereza tredi zake ni za kinyume, ukikilazimisha kitakula tredi za fremu. Usijaribu.

Bosi Kiduku: Mti wa siti wangu umeganda ndani ya fremu. Nipige nyundo?

Fundi Mnyororo: Hapana.

Gololi Tatu: Fundi leo ana hasira. Bosi, pindua baiskeli, mwaga dawa ya kutu kwa ndani kupitia bomba la pedeli, acha siku tatu nne, uwe unaongeza. Kisha bana mti kwenye vaisi na uzungushe FREMU, si mti. Ikishindikana kabisa na mti ni wa alumini, kostiki soda ya kutengenezea sabuni inaula ikiacha chuma. Lakini inaunguza ngozi na macho, inakula rangi, na inatoa gesi inayoshika moto. Glavu, miwani, uwanjani, watoto mbali. Mimi niliifanya mara moja na sitaki tena.

Bosi Kiduku: Nitaanza na dawa ya kutu.

Eldo254: Boss, update. Imetoka! Nimeacha dawa usiku, asubuhi nikageuza kushoto, ikalia kama mlango. Tredi za fremu ziko sawa. Kikombe chenyewe ndani kinang'aa, hakina mashimo.

Fundi Mnyororo: Safi sana. Basi usitafute kipya. Osha vikombe kwa mafuta ya taa, kausha. Tazama ekseli pale gololi zinapopita. Ukiona vishimo, tafuta ekseli nyingine. Kama ni laini, nunua gololi mpya za robo inchi, 11 kila upande, bila kile kibati cha kuzishika. Jaza grisi, panga gololi moja moja. Cha kulia kaza kwa nguvu zako zote. Cha kushoto kaza kwa vidole mpaka ekseli isicheze, rudi nyuma kidogo, kisha funga ringi yake.

Eldo254: 11 ama 10? Niliyotoa naona ni 9 upande mmoja.

Fundi Mnyororo: 11. Mbili zilizobaki ziko sakafuni kwako, tafuta chini ya kabati.