Kugeuza mabua kuwa ethanoli kwa vimeng'enya

Wengi wanaoanza kazi hii hutafuta kwanza vimeng'enya vikali. Anza na mabua yenyewe. Kimeng'enya kisichoifikia selulosi, yaani minyororo ya sukari ya glukosi inayojenga nyuzinyuzi za mmea, ni hasara tupu.

Hatua ya 1: Saga. Vipande vya milimita 1 hadi 2 vinatosha. Unga laini zaidi unakula umeme bure.

Hatua ya 2: Fungua nyuzinyuzi. Hapa ndipo penye kazi. Selulosi imefungwa ndani ya hemiselulosi (minyororo ya sukari nyingine) na lignini (gundi ngumu ya mmea), na lignini hunasa vimeng'enya vikashindwa kufanya kazi. Loweka sehemu 1 ya mabua katika sehemu 10 za mmumunyo wa sodiamu haidroksaidi wa asilimia 1 hadi 2, kisha pasha kwenye otoklevu (chungu cha mvuke wenye shinikizo) kwa nyuzi joto 121 kwa saa moja. Vaa glavu na miwani: mmumunyo huu unaunguza ngozi na unaweza kupofusha. Maji meusi utakayoyaona yamebeba lignini. Yamwage kwenye chombo cha taka za kemikali, kisha suuza mabua mpaka pH ikaribie 7.

Tafadhali, usiyakaushe tena! Vitundu vya ndani ya nyuzinyuzi hujifunga vikikauka, na ukiviloweka upya havifunguki vyote. Kamua, hifadhi kwenye friji yakiwa na unyevu, na kausha sampuli ndogo tu ili ujue uzito mkavu.

Hatua ya 3: Weka vimeng'enya. Tumia bafa ya sitreti (mmumunyo unaozuia pH isibadilike) yenye pH 4.8 hadi 5, na mabua asilimia 5 hadi 10 kwa uzito mkavu, yakizidi, hayakorogeki. Ongeza selulasi (vimeng'enya vinavyokata selulosi) za kuvu *Trichoderma reesei*, takribani miligramu 20 za protini kwa gramu ya selulosi. Hakikisha beta-glukosidasi, kimeng'enya kinachokata selobiosi (glukosi mbili zilizoungana), imo ya kutosha, la sivyo selobiosi itarundikana na kuzizuia selulasi. Koroga kwa nyuzi joto 50, saa 48 hadi 72, ukipima glukosi. Ikiacha kupanda mapema, kagua hatua ya 2 kabla ya kuongeza dozi.

Hatua ya 4: Chachusha. Poza hadi nyuzi joto 32, tia hamira, funika kwa kifuniko kinachotoa gesi bila kuingiza hewa. Gramu 1 ya glukosi haiwezi kutoa zaidi ya gramu 0.51 za ethanoli. Zailosi, sukari itokayo kwenye hemiselulosi, itabaki, kwani hamira ya kawaida haiili.

Hatua ya 5: Keneka, yaani chemsha kisha poza mvuke uwe kioevu. Mvuke wa ethanoli hushika moto upesi, hivyo pasha bila mwali. Kukeneka kwa kawaida hukwama karibu na asilimia 95. Maji yaliyosalia huondolewa kwa kupitisha mvuke kwenye zeolaiti (madini yenye vitundu vinavyonasa maji).