Pikipiki Inayochemsha: Jinsi ya Kutafuta Chanzo

Injini ikichemsha, izime na usubiri kabla ya kugusa chochote. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto, kwa sababu maji yaliyomo yamebanwa kwa shinikizo na huweza kupita nyuzi joto 100 bila kuchemka. Mfuniko ukilegea tu, maji hayo hugeuka ghafla kuwa mvuke na kukubabua uso na mikono. Ukiweza kuweka kiganja juu ya rejeta na kukiacha hapo, basi imepoa.

Injini inayopozwa kwa hewa haina rejeta, hivyo uchunguzi wake ni mfupi. Tazama mapezi ya silinda, yaani vibamba vyembamba vinavyoizunguka kwa nje, kwa kuwa tope lililokauka katikati yake huzuia joto kutoka, nalo huondolewa kwa brashi na maji injini ikiwa baridi. Pima oili pikipiki ikiwa wima, kisha ufungue plagi: ncha nyeupe kama chokaa huashiria kwamba petroli inayoingia ni kidogo kuliko inavyotakiwa, ama kwa sababu kabureta imeziba au kwa sababu hewa inapenya kwenye maungio yake.

Kwa injini inayopozwa kwa maji, jiulize kwanza huchemsha wakati gani. Ikichemsha ukiwa kwenye foleni na kupoa unapoongeza mwendo, shuku feni. Angalia fyuzi yake, kisha chomoa soketi na uiunganishe feni moja kwa moja na betri; ikizunguka, feni ni nzima na kasoro iko kwenye swichi ya joto, rilei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme) au nyaya. Nimeona feni mpya ikinunuliwa kwa sababu ya fyuzi iliyokatika, na inasikitisha.

Ikichemsha hata katika mwendo kasi, huenda maji yamepungua, hayazunguki, au rejeta imeziba. Maji yanayopungua yana mahali yanapotokea, kwa hiyo usiridhike na kuongeza tu. Papasa mipira ya maji kwenye maungio, na utafute tundu dogo chini ya pampu ya maji. Tundu hilo limewekwa makusudi, na likidondosha kulanti, yaani maji ya kupozea injini, sili ya pampu imekwisha.

Thamostati, yaani vali inayofunguka kwa joto ili maji yapite kwenda kwenye rejeta, hujaribiwa kwa kuining'iniza ndani ya sufuria ya maji yanayopashwa moto, nayo inapaswa kufunguka kabla maji hayajachemka. Sikubaliani na desturi ya kuitoa na kuitupa, kwa kuwa injini isiyofikia joto lake hula petroli zaidi na kusagika upesi.

Unapojaza kulanti upya, anza injini ikiwa baridi, iwashe mfuniko ukiwa wazi, na uongeze kidogo kidogo mpaka mapovu ya hewa yaishe. Mapovu yasiyokoma, moshi mweupe wenye harufu tamutamu, au oili iliyogeuka nzito na nyeupe kama maziwa, ni dalili za kuungua kwa gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo chembamba kati ya silinda na kichwa chake (hedi). Hapo usiiwashe tena. Isukume au ibebwe hadi kwa fundi, kabla hedi haijapinda.